Roketi ya Kwenda na Kurudi

Gari linapoteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kusini mwa Tanzania, masikio ya abiria huziba. Mji wa Mbinga uko kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Safari yenyewe haifiki kilometa 70. Abiria anameza mate, masikio yanazibuka, na maongezi ya bei ya kahawa yanaendelea. Mwili wake lakini umekwisha kupima jambo la kweli: hewa ya ziwani ina mgandamizo mkubwa kuliko ile ya Umatengo, milima uliko mji wa Mbinga, na kwa kila mita tisa hivi za kuteremka, mgandamizo huongezeka kwa hektopaskali moja.

Kipimo hichohicho ndicho kinachoiongoza roketi ya wanafunzi wa Juja, nje kidogo ya Nairobi. Hao ni vijana wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na kikundi chao kinaitwa Nakuja. Roketi zao wamezipa majina ya mfululizo, N-1, N-2, N-3, na michoro yao wameiweka wazi ili yeyote ajifunze. Katika roketi za namna hii hupachikwa kompyuta ndogo yenye kihisio cha mgandamizo wa hewa. Roketi ikipaa, namba zinashuka. Zikianza kupanda, basi kilele kimefikiwa na safari ya kuanguka imeanza. Papo hapo kompyuta hutoa amri: parachuti itoke.

Wengi wakisikia roketi hufikiria moto. Moto ni sehemu fupi mno ya kazi hii. Injini ya daraja la C, ambayo wanaoanza huipenda, huwaka kwa muda usiofika sekunde mbili. Baada ya hapo roketi hupaa kwa kasi iliyokwisha kuipata, kisha hushuka polepole, pengine kwa dakika nzima. Heshima ya fundi iko kwenye kushuka huko. Kutuma kitu juu hakuhitaji ustadi mkubwa, hata fataki za sikukuu hupaa. Kuunda kitu cha karatasi na mbao kinachopigwa na moto na upepo, kikarudi kizima na kurushwa tena mchana uleule, hiyo ndiyo kazi ya kusifiwa.

Kazi huanza mezani, siku nyingi kabla ya kurusha. Bomba ni la karatasi ngumu, pua ni ya mbao nyepesi au plastiki, na mapezi, matatu au manne, hukatwa kwenye ubao mwembamba. Pezi likishashika kwa gundi, fundi hupitisha gundi nyingine kwenye kona yake na kuilainisha kwa ncha ya kidole mpaka kona iwe na mkunjo laini. Mkunjo huo huongeza nguvu ya kiungo na kuiwezesha hewa kupita bila kujikwaa. Pezi likikaa upande, roketi itajizungusha angani na kupoteza mwinuko.

Kisha huja jaribio zuri kuliko yote, nalo halihitaji kifaa cha kununua. Fundi hutafuta mahali roketi inapolala sawasawa juu ya kidole, ikiwa imeshapakiwa kila kitu. Anafunga uzi hapo, anaizungusha juu ya kichwa chake. Ikitangulia kwa pua, iko salama. Ikienda mkia mbele au ikayumbayumba, haifai kurushwa: aongeze uzito puani au apanue mapezi. Sababu ni kwamba kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha nguvu za hewa, na mafundi hutaka nafasi kati ya vitovu hivyo isipungue upana wa bomba. Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa NASA aliyependa roketi ndogo, aliwasilisha kwa wapenzi wenzake wa roketi hizo njia rahisi ya kukokotoa kitovu hicho cha pili kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua eneo na uwiano anaweza kuifuata.

Inabaki parachuti, na hapo ndipo subira inapohitajika zaidi. Ni kipande cha plastiki nyembamba chenye nyuzi sita au nane. Kinapakwa poda, ileile ya watoto, ili mikunjo isigandane. Kinakunjwa kwa utaratibu, nyuzi zinazungushwa bila kubana, kisha chini yake kinawekwa kizuizi cha karatasi isiyoshika moto, kwa sababu kwenye roketi ndogo kinachokisukuma nje ni baruti kidogo iliyo upande wa juu wa injini. Mvuvi wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, anapopanga wavu ndani ya mtumbwi huwaza jambo hilohilo: namna ya kuukunja leo ndiyo itakayoamua kama utafunguka au utajifunga saa ya kazi. Tofauti ni kwamba mvuvi anaweza kuuvuta wavu arudie.

Siku yenyewe ya kurusha ina kusubiri kwingi. Roketi husimama kwenye fimbo ya chuma ya urefu wa mita moja hivi, inayoinyoosha mpaka ipate kasi ya kutosha ili mapezi yafanye kazi. Waya mwembamba huingizwa kwenye injini na kuunganishwa na betri kwa kebo ndefu. Kwa injini ndogo watu hukaa angalau mita tano nyuma, kwa kubwa zaidi mita tisa au kupita hapo. Mmoja anatazama anga kama kuna ndege. Mwingine anashikilia ufunguo wa usalama mkononi; bila huo, kitufe cha kurushia hakifanyi kazi. Huhesabiwa kwa sauti, tano mpaka moja, ili kila jicho liwe juu. Ikigoma, hakuna anayeikaribia mpaka ufunguo uchomolewe na dakika moja ipite.

Taratibu hizo zilitokana na maumivu. Miaka ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa wakichanganya baruti majumbani, na baadhi walikatika vidole. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu huko Norfolk, Nebraska, alishirikiana na kaka yake Robert kutengeneza roketi nyepesi ya karatasi, yenye injini ya kubadilishwa na parachuti ya kuirudisha. G. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye uwanja wa roketi za jeshi wa White Sands, aliona thamani yake na kusaidia kuanzisha chama cha warusha roketi ndogo mwaka 1957. Injini zikawa za kiwandani, na kijana akaachiwa kazi ya kubuni chombo. Mpaka huo unapaswa kulindwa na kila klabu ya shule. Mafuta ya roketi hayachanganywi jikoni wala bwenini, na wanaoyatengeneza vyuoni hufanya hivyo chini ya usimamizi.

Afrika Mashariki ina historia kubwa zaidi ya kurusha. Baharini karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimika jukwaa la San Marco, na kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilipaa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilifungua dirisha jipya la elimu ya nyota. Ila roketi zilizobeba setilaiti hizo zilikuwa za mkupuo mmoja, vipande vyake viliishia baharini. Roketi ya mwanafunzi haina anasa hiyo, lazima irudi.

Je, huko Mbinga roketi ya mwanafunzi ingerushwa wapi? Hesabu ndiyo iamue. Roketi iliyofika mita 300, ikishuka mita tano kila sekunde, inakaa hewani sekunde 60. Upepo wa mita tano kwa sekunde utaisogeza mita 300 kutoka ilipoanzia kushuka. Kwenye miteremko ya Umatengo yenye mikahawa na mashimo ya ngolo, yale ya kilimo cha asili cha Wamatengo, hiyo ni safari ya kuvuka bonde. Afadhali kuanza na injini ya daraja la A, dogo kuliko C, inayoishia mita mia moja au pungufu, na utepe badala ya parachuti. Kando ya ziwa kuna tambarare, lakini maji huua vifaa vya umeme. Alfajiri upepo hutoka milimani kwenda ziwani na ungeizamisha roketi. Jua likishapanda, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa hiyo saa nne au saa tano asubuhi inafaa, katika siku isiyo na zile pepo kali za kusini za Mei hadi Agosti.

Kibali cha mamlaka ya anga na cha serikali ya kijiji vitangulie. Mashamba ya jirani nayo yana wenyewe. Roketi ya Robert Goddard ya 1926, ya kwanza duniani kutumia mafuta ya majimaji, iliangukia kwenye kabichi za shamba la ndugu yake. Wanachama wa klabu hupaka roketi rangi kali ya chungwa na kuandika namba ya simu kwenye bomba. Kwa Mbinga ingefaa wamwendee mwenye mikahawa siku moja kabla, wamwonyeshe chombo chenyewe, na kumwalika aje atazame akiwa na watoto wake.