Ukiondoa Mshale, Weka Njia

Ndani ya msitu wa Kakamega macho hayafiki mbali. Uingilie Isecheno au Buyangu, muda si muda miti inakuzunguka pande zote. Kinachokuongoza ni sauti, mwinamo wa ardhi, mti mkubwa uliotajiwa kabla ya kuingia, na mwenyeji anayetembea nawe. Watembezaji wa msitu huu huwatambua mbega kwa ngurumo zao za alfajiri, na hondohondo kwa mvumo wa mabawa kabla hajaonekana. Kwa kijana wa Kakamega anayejifunza kutunga gemu, hili ni darasa lililo karibu na nyumbani, maana watunzi wa gemu za uhusika mtandaoni wamesumbuliwa na swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 20: mchezaji ataijuaje njia bila kuchorewa kwenye skrini?

Mshale ndio jibu rahisi kuliko yote. Programu inajua mchezaji yuko wapi na lengo liko wapi; inapiga hesabu ya mwelekeo, kisha inachora alama. Kazi hiyo huisha upesi na hufaa kila safari. Gharama yake hulipwa na mchezaji. Macho yake huhamia kwenye alama, na mlima, mto na kijiji alivyochorewa kwa miezi mingi hupita pembeni bila kutazamwa. Katika baadhi ya gemu za simu mambo yamefika mbali zaidi. Katika Lineage 2: Revolution, iliyotoka Korea Kusini mwaka 2016, unagusa jina la kazi uliyopewa na mhusika wako anatembea na kupigana mwenyewe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. EverQuest ilipofunguliwa Machi 1999, haikuwa na ramani ndani yake. Mchezaji alikuwa na ustadi wa kuhisi mwelekeo, na ilimbidi aufanyie mazoezi ndipo uaminike. Usiku, aliyechagua kuwa binadamu aliona karibu giza totoro, wakati jamii nyingine za gemu hiyo zilikuwa na macho ya kuona gizani. Matokeo yake yanastahili kuchunguzwa na kila mtunzi: kuijua njia kukawa riziki. Wahusika wenye uwezo wa kusafirisha wenzao kwa uchawi walilipwa kwa kazi hiyo, na mgeni alilazimika kuuliza watu. Ramani ziliingizwa ndani ya gemu mwaka 2003, lakini kufikia hapo wachezaji walikuwa wamekwisha kujenga mazoea ya kusaidiana.

World of Warcraft, ya Novemba 2004, ilifuata njia ya kati. Ramani ilikuwepo, lakini mahali pa kutimizia kazi palielezwa kwa maneno ya aliyekutuma. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Mankrik, askari anayemwomba mchezaji amtafute mke wake katika nyika ya Barrens. Maelezo yake yalikuwa haba, na nyika ilikuwa pana. Swali la alipo mke wa Mankrik lilijaza uwanja wa mazungumzo wa eneo hilo mfululizo. Wengine walichoka, lakini waliokuwa humo walijua wako nyikani pamoja na watu wengine.

Kisha wachezaji wakajitengenezea viongezo vya kuonyesha malengo kwenye ramani. Desemba 2009, katika toleo la 3.3, kampuni yenyewe iliyoitunga gemu ikaweka alama hizo rasmi. Agosti 2019 ilipofungua upya gemu ya zamani bila alama, wachezaji wengi walisakinisha kiongezo kiitwacho Questie kikazirudisha. Kwa hiyo katika gemu ya mtandaoni, kufuta alama pekee hakutoshi. Mchezaji anayehitaji habari ataitafuta, na usipompa ndani ya dunia yako ataifuata nje.

Tofauti ya gemu mbili, Morrowind ya 2002 na Skyrim ya 2011, inaonyesha habari hiyo inapaswa kukaa wapi. Zote mbili si za mtandaoni, lakini ni za mfululizo uleule wa The Elder Scrolls Online ya 2014. Katika Morrowind unaagizwa uende mji wa Balmora umtafute mtu aitwaye Caius Cosades, na ukikosa nyumba yake uulize kwenye baa fulani mjini humo. Maelekezo yanabaki katika daftari lako, na vibao vya barabarani vinasomeka. Baadhi ya maelekezo yalikuwa na makosa na watu walipotea, lakini mfumo wenyewe ulisimama. Katika Skyrim unaweza kuzima alama, ila ukizima, mara nyingi hakuna mtu aliyekueleza njia. Sababu zake ni za kiufundi. Mazungumzo yote yalirekodiwa kwa sauti za waigizaji, hivyo kila sentensi ya ziada ni kazi ya studio. Tena, baadhi ya kazi huchaguliwa mahali pake na programu yenyewe, na hakuna mwigizaji anayeweza kurekodi mapema njia ya pango ambalo bado halijachaguliwa.

Waliolitatua swali hili la njia vizuri waliuingiza mwongozo ndani ya dunia ya gemu. Ghost of Tsushima ya 2020 hutumia upepo: nyasi na majani hulala kuelekea unakokwenda. Demon's Souls ya 2009, na baadaye Elden Ring ya 2022, huwaruhusu wachezaji kuachiana ujumbe ardhini kwa maneno yaliyopangwa tayari. Msomaji akiusifu ujumbe wako, afya ya mhusika wako hupanda. Huo ni ubunifu wa kimtandao hasa: anayetoa mwongozo ni mwenzako, na gemu inamlipa kwa wema wake.

Tuchukue sasa gemu ya kubuni iliyojengwa katika mazingira yetu. Mchezaji anatakiwa kufika kwenye pambano la mafahali huko Khayega. Badala ya mshale, mpe ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kiufundi, sauti inawekewa chanzo chake mahali pa pambano. Inafifia kwa umbali, na kilima kikiwa katikati inakuwa nzito na hafifu. Mzee wa njiani ataje kilima cha Lirhanda au jiwe linalolia la Ilesi, na vitu hivyo vionekane kweli kutoka pale anaposimama. Tena vijana wanaokimbia na fahali barabarani wawe mwongozo wa tatu. Ishara moja ikimpita mchezaji, nyingine imshike.

Ishara hizo tatu ni za lazima, kwa sababu wengi wetu hucheza kwenye simu, mara nyingi bila vipokea sauti, katikati ya kelele za stendi au sebule. Asiyesikia vizuri hawezi kutegemea ngoma pekee, na asiyeona vizuri hawezi kutegemea kilima. Kwa hiyo msaada wa skrini ubaki katika mipangilio, uwashwe na anayeuhitaji, bila kumwaibisha. Kioo kidogo cha simu, ambacho vidole gumba viwili tayari vimekifunika nusu, ndicho kinachofaidika zaidi alama zikipungua.

Agizo langu kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na vijana wote wa Kakamega wanaotunga gemu ni hili: jengeni eneo la kwanza huku alama zote zimezimwa, mumkabidhi mtu asiyelijua, mkae kimya mtazame anapotea wapi. Kila anaposimama, ongezeni sauti, mti, kibao au mtu wa kuulizwa. Mshale uje mwisho kabisa, kwa yule tu atakayeuomba.