Muyaka Mikononi mwa Wageni

Diwani ya Muyaka bin Haji ilichapishwa mwaka 1940. Mshairi ni wa Mombasa, lakini kitabu kilitolewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na mhariri wake ni Mwingereza, W. Hichens. Muyaka mwenyewe alifariki yapata mwaka 1840, kabla Krapf hajatia mguu Mombasa mwaka 1844. Alikuwa amekwisha kutunga, kutongoza, kukejeli na kuwatetea Mazrui dhidi ya Seyyid Said, wala hakungoja mtu kutoka ng'ambo amwambie kwamba hiyo ni fasihi.

Sina ugomvi na waliomhifadhi. Mashairi hayo yaliwafikia Wazungu kupitia kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, Mswahili wa Mombasa, aliyemsaidia mmisionari William Taylor kuyakusanya na kuyafahamu. Pasipo Taylor huenda leo tungebaki na beti chache za kubahatisha. Hata hivyo, ukiuliza mtaani ni nani aliyemwokoa Muyaka, utatajiwa Taylor au Hichens. Jina la Sikujua wanalo wataalamu tu. Na karatasi alizoziacha Taylor ziko London.

Lakini karatasi si hasara kubwa. Kilichoniuma mimi zaidi ni msomaji aliyepotea. Mswahili wa enzi ya Muyaka aliandika kwa herufi za Kiarabu, na tuseme kweli, herufi zile zilikuwa na taabu zake: hazikutenga e na i, wala o na u, na mara nyingi p na b zilishirikiana herufi moja. Aliyezisoma ilibidi awe mwenyeji wa shairi, amelisikia barazani kabla hajaliona karatasini. Herufi za Kilatini zinamwezesha mgeni kulitamka shairi asilolijua kabisa. Hiyo ni faida, sikatai. Ila shule ya mkoloni haikuziongeza juu ya zile za zamani. Ilizifanya kuwa ndiyo elimu yenyewe, na aliyejua za Kiarabu peke yake akaonekana hajasoma. Babu yangu mzaa mama aliweka hesabu za jahazi kwa herufi hizo, Kiswahili kitupu. Daftari lake tunalo nyumbani, na hakuna mjukuu awezaye kulisoma ukurasa mmoja.

Kisha likaja suala la lahaja. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na ulifanyika (ajabu ya mambo!) Mombasa kwenyewe. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo Kimvita, lugha ya Muyaka, kikawa kitu cha kufafanuliwa kwa maelezo ya chini ya ukurasa. Nakumbuka mwalimu mmoja aliyenikatia "ndia" kwa wino mwekundu akaandika juu yake "njia". Neno lililomfaa Muyaka halikunifaa mimi darasani.

Hata tahajia yenyewe ina uziwi wake. Mtu wa Mvita hulitamka paa la nyumba mbali na paa wa mwituni, huyu wa pili kwa pumzi. Tahajia sanifu huwaandika sawasawa. Katika barua ya ofisini haidhuru. Katika shairi la mtu aliyependa kucheza na maneno, inadhuru.

Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, Nairobi, na kwa maoni yangu hicho ndicho cha kuanzia: kinamrudisha mshairi katika siasa na mitaa ya mji wake. Lakini maelezo yake na tafsiri zake ni za Kiingereza, na mzee wa Mji wa Kale asiyejua Kiingereza anaachiwa beti tu. Mimi natamani toleo jingine, herufi za Kiarabu upande wa kulia, za Kilatini upande wa kushoto, maelezo yote kwa Kiswahili, na jina la Sikujua liwe juu ya jalada pamoja na la Muyaka.