Kitabu cha Rosa Mistika na Wito wa Wazazi

Jioni moja mzee mmoja wa hapa kwetu Mjimwema, Songea, alinijia nyumbani ameshika kitabu kwa ncha za vidole, kama mtu ashikaye nyoka aliyekufa. Akaniambia, "Mwalimu, hiki nimekikuta chini ya mto wa binti yangu. Kinafundisha uasherati. Nataka ukichome moto." Nikamwuliza, "Mzee, umekisoma?" Akajibu kwamba hakukisoma, ila habari zake amezisikia.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika, hadithi ndefu aliyoitunga Euphrase Kezilahabi, nacho kilitolewa mwaka 1971. Sikukichoma. Walakini neno la mzee yule si la kudharauliwa, kwa kuwa hata wakubwa wa elimu waliwahi kulifikiri kama yeye: kitabu hiki kilikatazwa mashuleni kwa muda, na baadaye kikaruhusiwa. Basi nimeona yafaa kueleza hapa kitabu hiki chasema nini, na ni nani hasa apaswaye kukisoma.

Zakaria na Regina ni mtu na mkewe, Wakristo, wakaao Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ndipo mahali alipozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Mungu amewajalia watoto, na Rosa ni binti yao. Zakaria ni mlevi, tena ni mkali mno. Kijana aitwaye Charles ampelekea Rosa barua na fedha kidogo; baba apata habari, naye ampiga binti kipigo kibaya sana. Tangu siku ile Rosa awaogopa wanaume, wala hapewi ruhusa ya kusema nao. Halafu aenda shule ya wasichana huko Mwanza, mbali na macho ya baba, na huko polepole mambo yageuka. Binti aliyekatazwa hata salamu sasa hajui pa kusimama. Aangukia mikononi mwa wanaume, atoa mimba, na alipofika Morogoro kusomea ualimu hali yake ni ile ile. Mwisho ajuta, ataka kuolewa na Charles yule wa zamani. Lakini Charles ajua kwamba Rosa si bikira, amwacha. Rosa ajiua.

Asomaye kwa haraka atasema: hiki ni kitabu cha dhambi za msichana. Mimi nasema ni kitabu cha baba. Tazameni majina. Rosa Mistika ni sifa mojawapo ya Bikira Maria tuitajayo katika litania yake, na Regina maana yake ni Malkia. Na Zakaria je? Katika Injili ya Luka, Zakaria ni kuhani mzee aliyepewa mtoto katika uzee wake. Na kwa kuwa hakusadiki, alifungwa kinywa mpaka siku ya kumpa mtoto jina. Zakaria yule alikaa kimya miezi mingi akimngojea mtoto. Zakaria wa Namagondo kinywa chake hakifungwi, mkono wake haufungwi, na wala siku moja hakumngojea binti yake aseme lililo moyoni. Mwandishi alisoma katika seminari; sidhani majina haya aliyaokota njiani.

Hapo ndipo neno la kitabu lilipo. Sisi Wakristo twapenda kusema kwamba kupata watoto ni wito wa Mungu, nasi twasema kweli, maana ndiyo baraka ya kwanza waliyopewa wanadamu katika kitabu cha Mwanzo. Lakini wengi wetu twadhani kwamba wito huo umetimia siku ya ubatizo, mtoto amevikwa nguo nyeupe na kuku amechinjwa. Kumbukeni swali aliloulizwa kila mmoja wetu aliyefunga ndoa kanisani. Padre hakuuliza tu kama tu tayari kuwapokea watoto; aliuliza pia kama tu tayari kuwalea katika sheria ya Kristo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, umeyafunga hayo mawili pamoja, kuzaa na kulea, wala haukumpa mtu ruhusa ya kuchagua moja. Wazee wetu walikwisha kusema, kuzaa si kazi, kazi kulea.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, Zakaria alilea, kwani alimkanya binti." Kukanya alikanya. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twamsoma Eli, kuhani, aliyewaachia wanawe kufanya maovu hata nyumba yake ikaanguka. Eli alilegea, na Zakaria alikaza mno. Lakini wote wawili walikosa neno moja, hawakukaa na watoto wao. Mtume Paulo anajua jambo hili alipowaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Kol. 3:21). Mimi ni mwalimu, na fimbo naijua, nami siandiki haya kama mtu asiye na kosa.

Na jambo hili si la Ukerewe peke yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali yetu mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa ajili ya kuzaa ameruhusiwa kurudi shuleni. Mlango wa shule umefunguliwa. Lakini mlango wa nyumba ya baba je? Nimeona binti aliyekubaliwa na mwalimu mkuu, naye akashindwa kurudi darasani kwa sababu nyumbani hakuna aliyekubali kumshikia mtoto, wala hata kumwita kwa jina lake.

Sasa makosa ya kitabu, maana yapo. Rosa aanguka upesi mno, kana kwamba kipigo cha baba ni hesabu na jibu lake ni moja tu. Nimefundisha mabinti waliotoka katika nyumba kali kuliko ile, nao wakasimama. Neema ya Mungu haifanyi kazi sana katika kurasa hizi. Tena, watoto wale waliotolewa mimbani wapita kama kivuli. Msomaji Mkristo hana budi kusimama hapo mwenyewe na kuwakumbuka, maana nao waliitwa. Na Regina, mama mvumilivu, ningependa kumsikia zaidi. Lakini mwisho wa kitabu una nguvu: baba na binti, wote wamekufa, wasimama mbele ya Mungu wakishitakiana. Ni mara chache katika vitabu vyetu mtoto kupewa nafasi ya kusema mbele ya baba yake.

Kwa hiyo sikubali kichomwe, wala sikubali kitupwe tu mikononi mwa watoto wa shule ya msingi. Yafaa wachumba wakisome katika mafundisho ya ndoa, na katekista awaulize Zakaria alikosa wapi. Yafaa akina baba wa jumuiya wakisome kabla ya mabinti zao. Mzee yule nilimrudishia kitabu chake, nikamwomba akisome yeye kwanza, kisha aje tuzungumze. Hajaja bado. Lakini binti yake ameniambia kwamba usiku taa ya baba huchelewa kuzimwa.