Shibe si Kichefuchefu: Uhakiki wa Istilahi za Ubongo na Ulaji

Miongoni mwa habari za sayansi zinazowafikia wafasiri wetu ni zile za utafiti wa seli za shina la ubongo, yaani sehemu iunganishayo ubongo na uti wa mgongo, ambazo humfanya panya aache kula. Mazoea ni kuandika kwamba seli hizo zote "hupunguza hamu ya kula". Mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyahakiki.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walipambanua aina 7 za seli za neva katika eneo la postrema la panya, na kuonyesha kwamba baadhi yake huleta hali ya kichefuchefu. Mwaka 2024 utafiti mwingine uliendelea mbele zaidi. Seli fulani za kitita cha soliteri, kilicho jirani na eneo hilo, zilipoamshwa, panya alipunguza kula bila ya kuchukizwa. Zilipoamshwa zile za postrema, alipunguza kula na kuchukizwa pia. Ikumbukwe kwamba panya hatapiki. Karaha yake hujulikana kwa jinsi anavyoiepa ladha aliyoionja alipougua.

Basi mfasiri anayesema "hamu imepungua" kwa hali zote mbili ameifuta ramani yenyewe. Wala hawezi kusingizia uhaba wa maneno. Kiswahili kina njaa, hamu, shibe na kichefuchefu, na kila moja lina mahali pake. Aliyeshiba ameridhika, mwenye kichefuchefu anaumwa. Neno kukinai tungelitumia kwa hadhari, kwa kuwa huweza kumaanisha kutosheka na pia kuchoshwa na chakula.

Kosa la pili ni neno kiini. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kiini kimo ndani ya seli. Wakisoma "kiini cha soliteri" watadhani ni sehemu ya seli moja, hali ni mkusanyiko wa seli nyingi za neva. Kwa sababu hiyo tumetumia kitita, na twapendekeza neno hilo lijadiliwe.

Huenda msomaji akauliza: ya panya yatuhusu nini? Dawa za kupunguza uzito kama semaglutaidi hufanya kazi kwa kupitia vipokezi vilivyomo katika seli za namna hii, na kichefuchefu ni mojawapo ya madhara yake yajulikanayo sana. Karatasi ya maelezo ikisema tu kwamba "hamu itapungua", mgonjwa atashindwa kutofautisha kazi ya dawa na madhara yake, wala hatajua lipi la kumweleza daktari.

Kwa hiyo twawasihi wafasiri na walimu: kabla ya kuunda istilahi mpya au kukopa ya kigeni, yatafutwe kwanza maneno tuliyo nayo, na kila moja lipewe kazi yake.