Sifa ya Fundi Anayepachika Injini

Land Rover 109 ya Series III ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, na injini kama ile ya petroli ya sisi 2,286. Uzalishaji wa Series III ulikoma 1985. Arusha bado unaikuta barabarani imebeba watu na magunia, na ukifunua boneti huenda ukakuta dizeli ya Toyota, pengine 3L ya sisi 2,779 iliyotolewa kwenye Hiace. Wapo wapenzi wa magari ya kale wanaosema huko ni kuliharibu gari. Sikubaliani nao. Injini ya zamani ilikunywa petroli mno, na bila injini nyingine gari hilo lingebaki uani, bodi yake ya alumini ikidumu huku chasisi ikiliwa na kutu.

Watu husifu mngurumo na nguvu za kupandia mlima. Mimi namsifu fundi kwa mstari mmoja usioonekana. Krenki ya injini na shafti inayoingia kwenye giaboksi lazima vizunguke katikati ileile, na waliobuni injini hii Japani hawakuwa na habari na giaboksi ya Solihull. Matundu ya bolti hayakutani, urefu wa shafti haulingani, meno ya sahani ya klachi hayaingiliani. Fundi hukata bamba nene la kuunganisha injini na giaboksi, hukereza bushi mpya ya kushika ncha ya shafti ndani ya krenki, kisha hufunga saa ya kupimia kwenye flaiwili na kuizungusha kwa mkono, polepole, macho kwenye mshale. Bolti zote zaweza kukaza hata mstari ukiwa umepinda. Robo ya milimita jicho halioni, na gari litawaka na kuondoka vizuri tu. Baadaye beringi huanza kulia, sili huvuja oili, gia huchomoka mlimani. Fundi wa kweli hulegeza akaanza upya, ingawa mwenye gari yuko pale kwenye benchi anauliza kama limekwisha.

Yanayofuata ni mengi: maunti za kuchomelea, sampo ya kukata isigongwe na ekseli ya mbele, paipu ya kurudisha dizeli tangini. Breki nazitaja peke yake, kwa kuwa ni roho za watu. Injini ya petroli hunyonya hewa kwa shida kupitia kabureta, na nguvu hiyo ya kunyonya ndiyo inayosaidia breki kwenye gari lenye busta. Dizeli hii huvuta hewa bila kizuizi, basi msaada huo haupo. Toyota waliweka pampu ndogo nyuma ya altaneta kwa kazi hiyo. Anayejua hununua injini pamoja na altaneta yake, akavuta paipu hadi kwenye busta. Kisha hukanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, hawashi mpaka pedali imekaza, na akiwasha bila kutoa mguu, pedali ikishuka kidogo chini ya unyayo, ndipo anapolitoa gari gereji.