Kufagia Msimbo wa VNC kwa Ajili ya Aliye Mbali

Kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema, hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na anayekwenda Kabambare akishafika Kasongo bado ana safari ya kuelekea mashariki, upande wa Kivu. Masika yakishika, watu wa njia hiyo hawahesabu saa, wanahesabu siku. Tuseme basi kompyuta ya ofisi ya eneo la afya huko Kabambare imegoma mwisho wa mwezi, siku zile zile takwimu za vituo vya afya zinapotakiwa kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaotumika Kongo nzima. Fundi yuko Kindu. Kumleta kwa pikipiki ni mafuta na siku kadhaa. Njia ya pili ni yeye kubaki kwenye kiti chake Kindu, kuifungua skrini ile kupitia mtandao, kusogeza kipanya na kuuona mshale ukitembea kwenye kompyuta ya Kabambare.

Programu inayofanya kazi hiyo huitwa seva ya skrini ya mbali, na mojawapo iliyonakiliwa sana ni VNC. Ina umri wa zaidi ya robo karne. Jinsi mafundi walivyoingia ndani ya msimbo wake mkongwe, wakautoa uchafu bila kuvunja ukuta, ni jambo linalomgusa moja kwa moja mtu aliye mwisho wa barabara, kwa sababu msimbo mbaya humwumiza kwanza yule mwenye mtandao dhaifu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ofisi nyingi za mashariki mwa Kongo zilizo mbali na miji mikubwa zimetegemea kwa miaka mingi dishi la setilaiti, na setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi linapanda 36,000 na kushuka 36,000. Jibu nalo hivyo hivyo. Jumla ni kilomita 144,000. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde imekwisha kabla kompyuta yoyote haijafanya kazi. VNC ya asili nayo ilijengwa kwa kuombana: mtazamaji anauliza nini kimebadilika kwenye skrini, seva inajibu, mtazamaji anauliza tena. Kwa mwendo huo, picha mpya hazizidi mbili kwa sekunde hata dishi liwe na upana wa kutosha. Setilaiti za Starlink, kampuni iliyopewa kibali nchini Kongo mwezi Mei 2025, huzunguka karibu kilomita 550 tu juu ya ardhi na hupunguza sana kungoja huko, lakini si kila ofisi ya afya ina kifaa hicho juu ya paa.

VNC ilizaliwa katika maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, mahali ambapo watafiti walizoea nyaya za kasi ndani ya jengo moja. Mwaka 1998 msimbo ulitolewa wazi chini ya leseni ya GPL. Baadaye maabara ikawa mikononi mwa AT&T, ikafungwa mwaka 2002, na baadhi ya waliokuwamo wakaanzisha kampuni ya RealVNC. Msimbo nao ukatawanyika: TightVNC, UltraVNC, TurboVNC, LibVNCServer, kila mmoja akachukua nakala na kujenga juu yake.

Wanaoshika madaftari Kasongo wanaelewa maana ya nakala. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35, na utafiti wa aina hiyo husimama au huanguka kwa uaminifu wa rejista: mtoto yupi alichanjwa, yupi hakuchanjwa, yupi bado anaishi. Kosa likiingia kwenye daftari la kwanza, kila anayenakili analirithi, na anayelisahihisha kwenye daftari lake hawasahihishii wengine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa VNC. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kasoro 37 za usalama katika matawi manne: 22 katika UltraVNC, 10 katika LibVNCServer, 4 katika TightVNC ya mfululizo wa kwanza na 1 katika TurboVNC. Nyingi zilihusu namna programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta, na baadhi zilikuwa zimelala humo tangu 1999. Miaka ishirini, na msimbo uko wazi kwa yeyote kuusoma! Wenye TightVNC walijibu kwamba mfululizo huo wa kwanza hawautunzi tena, maana yake yeyote ambaye bado anautumia abaki na kasoro zake.

Moja kati ya zile za LibVNCServer inafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu akinakili maneno kwenye kompyuta ya mbali, seva humtumia mtazamaji ujumbe wenye kichwa cha baiti 8: moja inataja aina ya ujumbe, tatu ni nafasi tupu za kujazia, nne zinataja urefu wa maneno yanayofuata. Aliyeandika sehemu hiyo alijaza aina na urefu, akaziacha zile tatu kama zilivyo. Lakini kwenye kumbukumbu ya kompyuta hakuna nafasi tupu. Kila baiti ina kitu, japo ni mabaki ya kazi iliyotangulia. Kwa hiyo kila ujumbe ulitoka na vipande vitatu vya kumbukumbu ya ndani ya seva, na mvamizi mwenye subira angeweza kuvikusanya ili kujua mambo yalivyopangwa humo. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, unaofuta nafasi yote iwe sifuri kabla ya kuijaza.

Mstari mmoja unaziba tundu. Kubadili nyumba nzima ili matundu yasizaliwe ni kazi ya namna nyingine, na hapo TigerVNC ndiyo mfano bora. Tawi hili lilitangazwa mwaka 2009, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa imebebwa na Pierre Ossman wa kampuni ya Cendio huko Linköping, Uswidi. Walirithi msimbo wa C++ uliojaa vyombo vya kujitengenezea nyumbani. Palikuwa na majina ya binafsi ya namba za baiti moja, mbili na nne, kwa sababu wakati msimbo unaandikwa si kompaila zote zilikuwa na majina ya pamoja. Palikuwa na chombo cha binafsi cha kubebea maneno, ambacho mwandishi alipaswa kukumbuka mwenyewe lini kumbukumbu yake iachiwe. Vyote viwili leo vimo ndani ya C++ yenyewe, vimejaribiwa na dunia nzima. Hatua kwa hatua, badiliko dogo baada ya jingine, vyombo vya nyumbani vikatolewa na vya lugha vikaingizwa. Mtumiaji haoni tofauti yoyote kwenye skrini, na hilo ndilo linaloifanya kazi hii istahili sifa: inafanyika bila kumsumbua mtu, na kila mstari unaoondolewa ni kupunguza mahali pamoja ambapo kosa lingeweza kujificha.

Badiliko lenye faida kubwa kwa mtu wa Kabambare, hata hivyo, ni lile la namna ya kusoma. Kubonyeza kitufe kimoja katika VNC ni ujumbe wa baiti 8, na kukiachia ni nyingine 8. Msimbo wa zamani ulisoma baiti ya kwanza, ukajua ni kitufe, ukaanza kungoja saba zilizobaki. Zikifika pamoja, hakuna neno. Zikifika tatu huku nne zimekwama kwa sababu wingu la mvua limefunika dishi, seva ilisimama pale pale kuzingojea, na kwa kuwa programu hiyo hiyo moja ndiyo inayochora skrini na kuwahudumia watazamaji wote, kila kitu kilisimama nayo. Aliyekaa mbele ya kompyuta aliona imeganda. Aliyeunganishwa kutoka mahali pengine kwa mtandao mzuri naye aliganda, kwa kosa la mvua isiyomhusu.

Mafundi wa TigerVNC waliandika upya usomaji huo. Sasa seva huweka alama mwanzo wa ujumbe kabla ya kuugusa. Kila inapohitaji baiti zaidi huuliza kwanza kama zimefika. Zikiwa hazijafika, hurudi kwenye alama, huacha ujumbe kama haujaguswa, na kwenda kuwahudumia wengine. Zikija, inaanza tena kutoka kwenye alama. Wazo ni jepesi, lakini kulitia ndani ya msimbo wa zamani kulidai kupitia kila aina ya ujumbe, kila njia ya kubana picha, na kila tabaka la ufungaji wa siri, kwa sababu sehemu moja tu iliyosahauliwa ikiendelea kungoja kwa mtindo wa kale, seva yote inaendelea kuganda.

Tatizo la kuombana kwa nusu sekunde nalo lilishughulikiwa bila kuvunja itifaki. TigerVNC iliongeza njia ya seva kusukuma mabadiliko mfululizo bila kuombwa, pamoja na alama zinazokwenda na kurudi ili ipime mtandao umechelewa kiasi gani na isiujaze kupita uwezo wake. Mtazamaji asiyejua njia hiyo hataji kuwa anaijua, na seva humhudumia kwa mtindo wa zamani. Uamuzi huo unastahili kupongezwa. Kompyuta za ofisi za vijijini hubadilishwa zinapokufa, si zinapozeeka, na usafi wa msimbo unaowafungia mlango wenye mashine kongwe ungekuwa usafi wa watu wa mjini.

Kuna uchafu mmoja ambao hakuna aliyeweza kuufagia. Neno la siri la VNC ya asili husomwa herufi 8 tu. Mtu akiandika 20, 12 za mwisho hazina kazi. Hulindwa kwa DES, kanuni ya enzi za miaka ya 1970, na zaidi ya hayo kila baiti ya ufunguo hugeuzwa, biti ya mwisho ikawa ya kwanza, kwa mazoea yaliyotokana na msimbo wa mwanzo kabisa. Kila programu inayotaka kuelewana na VNC inalazimika kugeuza vile vile. TigerVNC imeweka pembeni yake njia zinazofunga mawasiliano yote kwa TLS, lakini ile ya kale bado ipo kwa wanaoihitaji. Wakati wa ripoti ya 2019, seva za VNC zaidi ya 600,000 zilikuwa zikionekana waziwazi kwenye intaneti. Ya ofisi ya afya haipaswi kuwa mojawapo: mlango wa mtandao wa VNC, namba 5900, ufungwe kwa nje, na fundi apitie SSH au mtandao wa binafsi.

Fundi wa Kindu ana jambo moja la kutazama kabla ya mengine yote, nalo ni namba ya toleo. TigerVNC 1.10.1, ya Desemba 2019, ndiyo iliyoziba kasoro za kumbukumbu ambazo mtafiti wa Kaspersky alizikuta katika tawi hilo. Kompyuta iliyowekewa programu kabla ya hapo, na haijaguswa kwa kuwa megabaiti za setilaiti ni ghali, bado inazo. Toleo jipya ni faili la megabaiti chache. Linaweza kukaa kwenye flashi, mfukoni mwa dereva wa pikipiki, pamoja na fomu za chanjo zinazokwenda Kabambare.