Mshope na Njelu: Dola Zilizojengwa kwa Mateka

Gemu la kompyuta liitwalo Victoria 3, lililotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2022, linaanza Januari 1, 1836. Mchezaji hupewa miaka mia moja ya kuendesha nchi: akusanye kodi, ajenge viwanda, apigane, apatane. Sehemu kubwa ya ndani ya Afrika Mashariki haichezeki. Imewekwa katika fungu la jamii zisizo na serikali kuu, na kazi yake ni kumsubiri mkoloni.

Kwa eneo la Madaba na Songea, kusini mwa Tanzania ya leo, fungu hilo lina kasoro. Ni kweli kwamba mwaka 1836 Wangoni walikuwa bado safarini. Kiongozi wao Zwangendaba aliwavusha watu wake mto Zambezi Novemba 20, 1835, wiki sita tu kabla ya saa ya gemu kuanza kuhesabu. Tarehe hiyo hutajwa kwa uhakika kwa kuwa siku hiyo jua lilipatwa. Lakini miaka thelathini baadaye, kati ya Njombe na mto Ruvuma kulikuwa na dola mbili zenye jeshi, zenye uchumi na zenye mambo ya nje.

Zilianza kwa ujanja wa mgeni. Baada ya Zwangendaba kufariki huko Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840, watu wake waligawanyika, na kundi la Zulu Gama likashika njia ya kusini-mashariki. Lilipofika Songea lilikuta Wangoni wengine, Wamaseko, chini ya Mputa, nao walikuwa na nguvu zaidi. Wageni wakakubali kuwa chini yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 wakamgeuka, Mputa akauawa, na Wamaseko wakafukuzwa hadi ng'ambo ya Ruvuma. Washindi nao hawakukaa pamoja: Njelu ikawa ya ukoo wa Gama, na Mshope, upande wa kaskazini kuelekea Madaba, ikawa ya ukoo wa Tawete.

Mtaji wa dola hizo ulikuwa watu. Baada ya mavuno, kiangazi, vikosi vilitoka kuteka. Mateka, walioitwa sutu, hawakuuzwa wote Kilwa, ingawa biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwapo. Wengi waligawiwa kwa manduna, yaani wakuu waliokuwa chini ya mfalme. Wanawake waliolewa, wengine walilima, na vijana waliingizwa vikosini. Sutu aliyepigana vizuri alipanda cheo, na yeye mwenyewe akateka wengine. Jeshi lililoundwa na wazao wa wachache waliotoka kusini ya mbali likajaa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na Wabena, nalo likapigana kwa ari ileile.

Mashine hiyo ilikuwa na udhaifu wake, nao haukuwa mdogo. Aliyeteka ndiye aliyehifadhi, kwa hiyo nguvu iliishia kwa nduna wa mpakani kuliko kwa nkosi, yaani mfalme. Songea Mbano hakuwa nkosi, alikuwa nduna wa Njelu. Lakini jina lililopewa mji ni lake. Tena kadiri majirani walivyotekwa au kukimbia, ndivyo safari zilivyorefuka. Mwaka 1882 Wangoni walifika hadi Masasi wakavamia misheni ya Waingereza, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Dola inayoishi kwa kuteka haiwezi kutulia, na hapo ndipo gemu lingemwonyesha mchezaji taa nyekundu.

Kaskazini taa hiyo iliwaka mapema. Kuanzia 1878 Wangoni walipambana na Wahehe, ambao chini ya Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa walikuwa wakijenga dola yao kwa njia inayofanana: mkuki, mateka, kupanuka. Walivamiana kwa zamu hadi mwaka 1882 hivi, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Wakapatana kuacha vita. Mapatano hayo yalikuwa kazi nzuri ya kidiplomasia, kwa sababu kila upande ulipata nafasi ya kugeukia majirani dhaifu zaidi.

Lakini yalikuwa mapatano ya kutopigana, hayakuwa urafiki. Wajerumani walipoanza kumsogelea Mkwawa, alimtafuta Chabruma, nkosi wa Mshope, waungane. Chabruma akakataa. Ni rahisi kumlaumu leo. Kwa hesabu ya wakati ule Mhehe alikuwa adui anayejulikana, mwenye damu ya Wangoni mikononi, na Mjerumani alikuwa mtu wa pwani ambaye hajafika. Mchezaji yeyote makini angesita. Hata hivyo, katika maamuzi yote ya dola hizo mbili, hilo ndilo lililogharimu zaidi. Agosti 1891 Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo peke yao. Miaka mitatu baadaye ngome ya Kalenga ikaanguka, nao wakiwa peke yao vilevile.

Zamu ya Ungoni ikafika 1897. Luteni Engelhardt alijenga boma Songea, akawaita wakubwa mkutanoni na kuwashika. Dola zilizowahi kutisha kuanzia ziwa Nyasa hadi karibu na Kilwa zilidhibitiwa bila vita vikubwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mmoja wa kuamrisha manduna wote.

Chabruma alipigana hatimaye na Wajerumani katika vita vya Majimaji, mwaka 1905. Februari 27, 1906 Nkosi Mputa Gama wa Njelu (si yule Mputa wa Wamaseko) na wenzake wengi walinyongwa Songea. Chabruma alivuka Ruvuma, akauawa Msumbiji. Wakati huo Mkwawa alikuwa amekufa tangu Julai 1898, na miongoni mwa vikosi vilivyotumwa kuwazima Wangoni kilikuwamo cha Kapteni Nigmann, kilichotoka Iringa, nchi ya Wahehe.